KUHIFADHI RANGI YA MOTOKAA KUUKUU

Watu wengi hudhani kwamba rangi ya motokaa ni pambo tu, na kwamba ikipauka hasara yake ni aibu ya mwenyewe mbele za watu. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo hata likizo ya Desemba iliyopita, nilipokwenda kukaa kwa mjomba wangu mjini Tanga. Huko nilijifunza kwamba rangi ni ngozi ya gari. Ikifa, mwili wake hauna kinga. Sehemu ya elimu hiyo niliipata kwa kuuliza na kutazama, na sehemu nyingine niliipata kwa kuharibu mali ya mtu. Kwa kuwa wengi wetu hapa shuleni tuna wazazi na jamaa wenye magari ya zamani, nimeona vema niyaandike niliyoyapata, ili mwenzangu asije akayarudia makosa yangu.

Gari la mjomba

Mjomba ana Peugeot 504 iliyoundwa mwaka 1976, ya rangi ya samawati. Aina hiyo ya gari ilitokea Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka katika Ulaya. Watu wa Afrika ya Mashariki waliijua zaidi kwa sababu ya mashindano ya Safari Rally, ambayo Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Injini ya gari la mjomba ingali nzima, na viti vyake havijachanika. Lakini boneti, paa na buti vilikuwa vimepauka vikawa na weupe kama wa chaki, na mtu akipitisha kidole juu yake, kidole hutoka na unga wa samawati.

Mjomba alikuwa amekwisha mwita fundi mmoja, naye akamwambia kwamba rangi yote imekufa, na kwamba sharti ikwanguliwe mpaka kwenye bati, kisha gari lipigwe rangi upya. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na fedha alizoziweka mjomba kwa kubadili mabati ya nyumba yake kabla ya masika. Basi ikawa sharti achague kati ya paa la nyumba na paa la gari, naye alikaa siku kadha bila kuamua.

Mimi nilitaka kumsaidia. Asubuhi moja alipokwenda sokoni nilichukua ndoo, sabuni ya unga ya kufulia, brashi ya kusugulia sakafu, na kipande cha msasa namba 400 nilichokiona katika sanduku lake la vyombo. Niliosha nusu ya boneti, kisha nikaanza kuusugua ukingo wake kwa msasa. Kwanza nilifurahi, kwa kuwa ule weupe uliondoka na samawati yenyewe ikaonekana. Nikaongeza nguvu. Mara samawati ikapotea, ikatokea rangi ya kijivu, na kabla sijafahamu maana yake bati likametameta mbele ya macho yangu. Mahali palipoharibika hapakuzidi urefu wa kiganja, lakini nilihisi mikono yote imekufa ganzi.

Mjomba aliporudi sikumficha. Nilimwambia, "Shikamoo mjomba. Nimeliharibu gari lako." Aliitikia, "Marahaba," akainama akatazama, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Chombo kimekwenda mrama, lakini hakijazama. Twende kwa mzee."

Mzee huyo anakaa Ngamiani. Alikuwa fundi wa kupiga rangi magari kwa miaka mingi, na sasa amepumzika kwa sababu ya kifua. Alikuja jioni ile ile, akapapasa pale nilipopaharibu, akaniambia, "Mwanangu, ulidhani unaongeza mng'aro. Hukuongeza kitu; ulipunguza. Na ulichopunguza hakirudi ila kwa kupiga rangi upya." Baadaye nitaeleza alivyoipima rangi iliyobaki. Lakini kwanza yafaa msomaji aelewe rangi ya gari ni kitu gani, maana bila hayo maneno ya mzee hayana maana kamili.

Rangi ni kitu gani?

Rangi ina vitu vitatu vikubwa. Kwanza ni unga wenye rangi yenyewe, kama vile samawati au nyekundu. Pili ni gundi inayoushika unga huo na kuufanya ushikamane na bati. Tatu ni kimiminiko, kama tina, kinachoifanya rangi iwe nyepesi ya kupigwa. Hicho hukauka na kupotea hewani. Kwa hiyo kinachobaki juu ya gari ni unga na gundi.

Hapo zamani magari yalipigwa rangi za mafuta na vanishi kwa brashi, na kazi ya gari moja iliweza kuchukua majuma kadha kwa kungoja kila mkono ukauke. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta rangi ya namna mpya iliyoitwa Duco, ambayo ilipulizwa kwa bunduki ya rangi na kukauka upesi sana. Magari ya Oakland ya mwaka 1924 yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kupigwa rangi hiyo. Baadaye zilikuja namna nyingine zilizo ngumu zaidi. Lakini kwa miaka mingi magari mengi yalikuwa na mpango mmoja: chini ni praima iliyoshika bati, na juu yake ni rangi yenyewe, basi. Rangi hiyo ndiyo iliyotoa uzuri, na hiyo hiyo ndiyo iliyopigwa na jua.

Tangu mwisho wa miaka ya 1970, na hasa katika miaka ya 1980, viwanda vingi vilianza kuongeza tabaka moja zaidi juu ya rangi, tabaka isiyo na rangi, iliyo safi kama kioo. Mafundi wetu huiita vanishi. Katika magari hayo rangi yenyewe iko chini, haina mng'aro wake, na mng'aro wote tunaouona ni wa vanishi iliyo juu.

Sasa tutazame unene wake, maana hapa ndipo penye siri. Wenye kazi hii hupima kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Rangi yote ya gari la kiwandani, tangu praima hata tabaka ya juu, kwa kawaida ina mikroni kama 100 hadi 150. Karatasi moja ya daftari lako ina karibu mikroni 100. Vanishi peke yake huwa kama mikroni 40 au 50, yaani nusu ya karatasi. Polishi laini huondoa mikroni moja hadi tatu hivi kila isuguliwapo. Dawa kali na msasa huondoa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kila gari limezaliwa na akiba yake ya rangi, na akiba hiyo hutolewa tu, haiongezwi. Mimi kwa msasa wangu namba 400 nilitumia akiba ya miaka hamsini kwa dakika chache. Na nilichagua mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa penye ukingo rangi ni nyembamba zaidi, na mkono nao hukandamiza zaidi.

Kwa nini rangi hupauka?

Adui wa kwanza ni jua. Katika mwanga wa jua mna miali tusiyoiona kwa macho, iitwayo urujuanimno. Miali hiyo huikata kata gundi ya rangi. Gundi ikivunjika, hewa nayo huishambulia, na ule unga wa rangi hubaki bila kushikwa na kitu. Ndio unaotoka kwenye kidole kama chaki. Tanga iko kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na jua letu hupiga karibu wima mchana, kwa hiyo paa, boneti na buti huumia kwanza, na milango hubaki na afya. Ndivyo lilivyokuwa gari la mjomba: ubavuni lilikuwa kijana, na juu lilikuwa mzee.

Adui wa pili ni vitu vinavyoangukia gari. Mavi ya ndege na ya popo huwa na chumvi na asidi; yakiachwa juani huchimba alama katika rangi kwa siku moja au mbili. Utomvu wa mwembe nao hugandamana. Mjomba alikuwa akiliweka gari chini ya mwembe miaka yote, akidhani kivuli kitalitunza. Kumbe aliliokoa na adui mmoja akalitia mikononi mwa mwingine.

Adui wa tatu ni vumbi pamoja na kitambaa kikavu. Vumbi ni mchanga mdogo mdogo. Mtu akilifuta gari kavu kila asubuhi, analipiga msasa kila asubuhi, ila hajui. Tazama gari jeusi juani, utaona mikwaruzo mingi iliyozunguka kama utando wa buibui. Hiyo ni kazi ya vitambaa.

Adui wa nne, kwetu sisi watu wa pwani, ni chumvi ya bahari. Hii nitaieleza penye habari za kutu.

Kuipima rangi

Mzee alipoliona gari hakukubali wala kukataa maneno ya yule fundi wa kwanza. Alichukua kitambaa cheupe cha pamba, akatia polishi kidogo, akasugua mahali pasipoonekana, ndani ya ukingo wa mlango wa nyuma. Kitambaa kikatoka na samawati. Akasema, "Hili halina vanishi. Tunaigusa rangi yenyewe." Kama kitambaa kingalitoka cheupe, ingekuwa dalili kwamba kuna vanishi juu. Akafanya hivyo tena juu ya boneti na juu ya paa, maana gari kuukuu huenda likawa limepigwa rangi upya sehemu moja na sehemu nyingine haikuguswa.

Kisha akasugua eneo dogo la boneti, kadiri ya ukubwa wa sahani. Chini ya ule weupe ikatokea samawati iliyong'aa mpaka tukaona matawi ya mwembe ndani yake. Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee akatueleza kwamba kwa rangi isiyo na vanishi, weupe wa chaki ni ugonjwa wa juu tu. Ikiondolewa tabaka iliyokufa, iliyo hai iko chini. Lakini kwa gari lenye vanishi iliyokwisha kuambuka na kuacha mabaka meupe kama ngozi inayobambuka, polishi haiwezi kusaidia, kwa sababu hakuna cha kung'arishwa. Hapo sharti msasa na rangi mpya.

Huu ndio msingi wa kazi yote: upime kwanza, ujue ulicho nacho, kisha uanze na dawa iliyo dhaifu kuliko zote. Dhaifu ikishindwa, ongeza kidogo. Aliyeanza na kali hana pa kurudi.

Kuosha

Tulianza kesho yake alfajiri, kabla jua halijapanda. Gari haliwi la kuoshwa juani, kwa kuwa bati likiwa la moto maji hukauka upesi na kuacha alama za chokaa, na sabuni nayo hugandia.

Sabuni ya unga ya kufulia haifai. Imetengenezwa kwa kung'oa mafuta na madoa katika nguo, kwa hiyo huondoa nta yote na kuikausha rangi. Tulitumia sabuni ya maji ya kuoshea magari. Tulimwaga maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe bila kusuguliwa. Kisha tukaweka ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, na moja ya maji matupu. Kitambaa huchovywa katika sabuni, hupitishwa juu ya gari, kisha husuuzwa katika ndoo ya maji matupu kabla hakijarudi katika sabuni. Kwa njia hii mchanga hubaki katika ndoo ya pili. Tulianza juu tukashuka chini, maana sehemu za chini karibu na magurudumu ndizo zenye mchanga mwingi. Kitambaa kikianguka chini hakitumiki tena mpaka kifuliwe.

Baada ya kuosha, mzee alipitisha kiganja juu ya mlango akaniambia nifanye vile vile. Ulikuwa na vipele vidogo vidogo. Hivyo ni vumbi la chuma la breki, lami na utomvu, vitu ambavyo maji hayawezi kuviondoa. Kuna udongo maalumu unaouzwa kwa kazi hiyo, ulio laini kama ule wanaochezea watoto. Hulowanishwa kwa maji ya sabuni, hupitishwa taratibu bila nguvu, nao huvinasa vipele hivyo. Baada ya kila mapito machache huukunja ili upande safi utokee. Ukianguka mchangani hutupwa. Usione uchungu, kwa kuwa mchanga ulioshikwa na udongo huo utalikwaruza gari zima.

Kuilisha na kuisugua

Rangi ya zamani isiyo na vanishi huwa kavu kama ngozi ya mtu siku za upepo mkali. Mzee alitupa polishi laini yenye mafuta mengi, tukaipaka nzito juu ya boneti, paa na buti, tukaiacha usiku kucha gari likiwa chini ya kibanda. Asubuhi tulipofuta, rangi ilikuwa imekolea kuliko jana, hata kabla ya kusugua kwa bidii. Mafuta hayo hayaiponyi gundi iliyovunjika, lakini huilainisha rangi, nayo husuguliwa bila kukwaruzika ovyo.

Kisha tulibandika tepu ya karatasi juu ya kila ukingo na kila mkunjo wa bati. Hilo ni jambo ambalo ningalilijua mapema, lingaliniokoa. Mahali palipobandikwa tepu hapaguswi. Mwisho wa kazi tepu huondolewa, na pale husuguliwa kidogo tu kwa kidole.

Tulisugua kwa mikono. Mashine ipo, nayo hufanya upesi, lakini izungukapo mahali pamoja hutoa joto, na mtu asiyeizoea huweza kuunguza rangi au kuimaliza kabla hajafahamu. Tuligawa boneti katika vipande vya kadiri ya mraba wa mkono mmoja. Kwa kila kipande tulitia polishi kidogo katika fulana kuukuu ya pamba isiyo na mshono, tukasugua kwa nguvu ya kadiri mpaka polishi ikawa nyembamba, tukafuta kwa kitambaa safi, tukatazama. Vitambaa vilijaa samawati. Mara ya kwanza niliogopa, lakini mzee akanituliza, akasema iliyotoka ni ile iliyokufa. Rangi ilipotulia na kung'aa tuliacha, ingawa ilikuwa na mikwaruzo michache. Nilitaka kuendelea ili nayo itoke, lakini mzee alinikataza. Alisema mkwaruzo mdogo haudhuru kitu, bali rangi iliyokwisha haina dawa, na gari kuukuu halina haja ya kufanana na gari la dukani.

Jambo moja kuhusu msasa: namba ikizidi kuwa kubwa, msasa huzidi kuwa laini. Namba 400 ni ya kutayarishia praima. Wanaosugua juu ya rangi hutumia namba 2000 au 3000, tena kwa maji, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu.

Kazi yote ilituchukua siku nne, asubuhi na jioni.

Nta

Kung'arisha hakulindi. Rangi iliyosuguliwa leo ikaachwa wazi itapauka tena, na safari hii ni nyembamba kuliko kwanza. Kwa hiyo mwisho wa kazi ni kuifunika.

Nta iliyosifika zaidi ni ile ya karnauba. Hupatikana katika majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, katika nchi kavu. Mti huo hujipaka nta majani yake ili maji yake yasikauke kwa jua. Watu hukata majani, huyaanika, kisha huyapiga mpaka nta itoke kama unga, nao huuyeyusha. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za sentigredi, ndiyo sababu inavumilia juu ya bati la moto. Yale yale ambayo nta hiyo huyafanyia majani, hulifanyia gari.

Hupakwa nyembamba kabisa. Nene haizidi kulinda, hutia taabu ya kufuta tu. Hudumu majuma kadha hata miezi michache, kwa kadiri ya jua na mvua. Ziko pia nta za viwandani zinazodumu zaidi, na dawa za kisasa zenye silika ambazo hugandamana na rangi na kudumu mwaka au zaidi, lakini ni ghali, na kosa lolote lililoko chini yake hufungiwa humo. Kujua kama nta ingali hai, mwagia maji: yakijikusanya kuwa matone ya duara, ipo, yakitandaa kama karatasi na kukaa, wakati wa kupaka tena umefika.

Kutu

Sasa nirudi kwenye chumvi. Katika masomo ya kemia tulijifunza kwamba chuma hupata kutu penye maji na hewa pamoja. Chumvi huharakisha, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo juu ya chuma. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho. Kwa hiyo ikianza chini ya rangi huiinua rangi kama kipele, huipasua, na maji huingia zaidi. Jiwe dogo la barabarani likitoa tundu la kadiri ya punje ya mtama leo, baada ya masika mbili litakuwa kadiri ya sarafu, na bati chini yake limeoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pale nilipopaharibu ndipo mzee aliponifundisha kuziba. Tulipasugua mpaka bati likawa safi kabisa, tukapafuta kwa tina, tukapaacha pakauke. Kama pangekuwa na kutu, tungepaka kwanza dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa kitu kisichoendelea kula. Tukapiga praima kwa brashi ndogo, kisha samawati mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine. Rangi yenyewe ilichanganywa dukani ilingane na ya gari, nayo ililingana karibu, lakini si kabisa.

Tena mzee alinionyesha matundu madogo chini ya milango, ya kutolea maji ya mvua. Yote yalikuwa yamezibwa na vumbi, na ndani maji yalikuwa yamesimama. Tuliyazibua kwa kijiti. Mtu aishiye pwani apaswa kuliosha gari kwa maji baridi matupu hata chini ya uvungu, hasa baada ya kupita karibu na ufuko.

Mambo ya kuepukana nayo

Kwanza, dizeli na mafuta ya taa. Wengine hulipaka gari vitu hivyo ili ling'ae. Ni kweli hung'aa siku moja, lakini huyeyusha nta, hulainisha rangi na hunasa vumbi lote la njiani.

Pili, mafuta ya breki. Tone lake likianguka juu ya rangi huila mpaka chini. Likianguka, mwagia maji mengi papo hapo.

Tatu, turubai juu ya gari lenye vumbi. Upepo wa kaskazi au kusi huitikisa, nayo husugua usiku kucha. Kibanda cha makuti ni bora.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tahadhari na afya yako. Rangi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, huenda zina madini ya risasi. Ukizisugua kwa msasa mkavu, vumbi lake huingia mwilini na kudhuru, hasa kwa watoto. Sugua kwa maji, watoto wawe mbali, na unawe kabla ya kula. Na rangi za leo zinazochanganywa na hadina zina kemikali ziitwazo isosayanati, ambazo mvuke wake huleta pumu isiyopona. Kitambaa puani hakizuii. Hizo ni za kupigwa na fundi mwenye chumba chake na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Mzee wa Ngamiani hakuwa nayo katika miaka yake ya kazi, na kila alipotueleza neno refu ilimbidi atue ili avute pumzi. Alituambia, "Ninyi mnatazama rangi ya gari. Tazameni na kifua changu."

Mwisho

Mjomba alibadili mabati ya nyumba mwezi wa Februari, kabla mvua hazijaanza. Vitu tulivyonunua kwa ajili ya gari, pamoja na zawadi aliyompa mzee, havikufika sehemu ya kumi ya bei ya yule fundi wa kwanza. Sasa gari halilazwi tena chini ya mwembe. Lina kibanda chake, huoshwa kila juma na kupakwa nta kila baada ya miezi miwili. Mzee alisema likitunzwa hivyo halitahitaji kusuguliwa tena kwa miaka mingi, na hilo ndilo kusudi la kazi yote, tusiirudie.

Pale kwenye ukingo wa boneti pangali panaonekana. Mtu mwingine hawezi kupatambua upesi, lakini mimi hupaona kabla ya kuliona gari lenyewe. Nilimwambia mjomba kwamba nikianza kupata mshahara nitapapeleka pakapigwe rangi vizuri. Akaniambia paache, kwa kuwa samawati ya pale imepungua kidogo, lakini bati halina kutu.